Homa ya Uti wa Mgongo: Jibu Liko Kwenye Maji

Barua za mwezi huu zimetoka kwenye joto la Kyela hadi kwenye baridi ya Makete, hapa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, na karibu zote zinauliza habari za ugonjwa mmoja. Nyingine zimeandikwa na watumishi wa wodini na maabara, nyingine na ndugu wa wagonjwa. Maswali ya kitabibu yamejibiwa na daktari wa magonjwa ya ndani, na ya maabara na mteknolojia wa maabara. Pale wawili hao walipotofautiana hatukuwapatanisha. Tunazungumzia homa ya uti wa mgongo, yaani uvimbe wa utando unaofunika ubongo na uti, unaoletwa na bakteria, ule unaoanza ghafla na ambao usipotibiwa unaweza kuua ndani ya siku moja au mbili.

SWALI (Tabibu, Tukuyu): Ndaga kwa kazi yenu. Nimempokea mama wa miaka 58, homa siku ya pili, kichwa kinamuuma sana, anajibu maswali kwa kuchelewa. Shingo inakunjika vizuri na alama ya Kernig (goti kugoma kunyooka paja likiwa limekunjwa) haipo. Mwenzangu anasema shingo ikiwa laini si uti wa mgongo, tumtibu taifodi. Tufanyeje?

DAKTARI: Mtoeni maji ya mgongo (majimaji yanayozunguka ubongo na uti, hutolewa kwa sindano kiunoni) leo, na dawa aanze leo. Shingo laini haimwondoi mtu kwenye ugonjwa huu. Utafiti mkubwa wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2004, wenye wagonjwa karibu 700 waliothibitishwa kimaabara, ulikuta kwamba homa, shingo kukakamaa na mabadiliko ya fahamu vilikuwepo vyote vitatu kwa asilimia 44 tu. Lakini ukiongeza maumivu ya kichwa kwenye orodha, asilimia 95 walikuwa na angalau dalili mbili kati ya hizo nne. Mama huyu ana tatu.

Alama za Kernig na Brudzinski tunaendelea kuzipima kwa sababu hakuna gharama: mlaze chali, kunja paja na goti nyuzi 90, kisha jaribu kulinyoosha goti; halafu kunja shingo uone kama magoti yanajikunja yenyewe. Zikiwepo, ziamini. Zisipokuwepo, hazikuambii kitu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulikuta kila moja ya alama hizo kwa asilimia 5 tu ya watu wazima ambao maji yao yalionyesha uvimbe wa utando wa ubongo. Shingo kukakamaa yenyewe ilikuwa asilimia 30. Hatari zaidi ni kwa wazee, wenye VVU, na watoto wachanga. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja na nusu mara nyingi shingo yake haikakamai kabisa. Mtazame utosi kama umevimba akiwa ameketi na halii, kama anakataa ziwa, analia kwa sauti nyembamba akibebwa, au mwili umekuwa wa baridi badala ya moto.

Kagueni pia ngozi. Vipele vya meningokoko (mmoja wa bakteria wa ugonjwa huu) kwenye ngozi nyeusi havionekani kirahisi mgongoni wala kifuani: tafuteni viganjani, kwenye nyayo, ndani ya kope na kwenye kaakaa. Bonyezeni kwa gilasi ya kioo; doa lisilofifia ni damu iliyovuja.

Taifodi nayo ina kalenda yake. Kuchanganyikiwa kwa taifodi kwa kawaida huja wiki ya pili au ya tatu, si siku ya pili. Na kipimo cha Widal kimoja, kwa mtu aliyeishi maisha yake yote huku kwetu, kinaweza kuwa chanya kwa ugonjwa wa miaka iliyopita. Kimewapotosha wengi.

Kwa umri wake, ongezeni ampisilini gramu 2 kila saa 4 juu ya antibiotiki ya seftriaksoni gramu 2 kila saa 12, kwa sababu seftriaksoni haimuui bakteria aitwaye Listeria, na kuanzia miaka 50 na kuendelea huyo ni wa kufikiriwa.

SWALI (Tabibu, Kyela): Huku kwetu kila anayekuja hajitambui, MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) inasoma chanya. Kuna haja gani ya kumtoboa mgongo mgonjwa ambaye tayari ana malaria ya ubongo?

DAKTARI: Haja ipo, na ni kubwa zaidi kwenu Kyela kuliko Njombe. Mahali penye malaria nyingi, mtu anaweza kutembea na vimelea kwenye damu huku kinachomuua ni kitu kingine. Isitoshe, MRDT inayosoma antijeni ya HRP2 (protini ya kimelea cha malaria) hubaki chanya wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Wenzetu wa Blantyre, Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, walichunguza maiti za watoto 31 waliofariki kwa kile kilichoitwa malaria ya ubongo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Saba kati yao walikufa kwa sababu nyingine kabisa. Dalili iliyotenganisha makundi hayo mawili vizuri kuliko zote ilikuwa ndani ya jicho: weupe kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho) na madoa ya damu yenye kitovu cheupe. Kama mna kifaa cha kuangalia ndani ya jicho, wekeni matone ya kupanua mboni na mtazame.

Kwa hiyo mgonjwa asiyejitambua mwenye MRDT chanya apewe atesuneti (dawa ya malaria) ya mshipa na seftriaksoni kwa pamoja, apimwe sukari papo hapo, na atolewe maji ya mgongo hali ikiruhusu. Maji yakitoka safi na seli (chembe nyeupe za damu) ziko kawaida, seftriaksoni mnaweza kuiacha mkiwa na sababu mkononi. Bila maji, mtabaki mnampa dawa siku kumi kwa kukisia.

SWALI (Daktari mpya, Vwawa): Naomba hatua za kutoa maji ya mgongo kwa hospitali isiyo na manomita (kipimo cha shinikizo la maji hayo). Pia, nimpeleke mgonjwa Mbeya kwanza akapigwe CT-scan (picha ya ubongo)?

DAKTARI: Naanza na CT-scan maana ndiyo inayochelewesha. Wengi hawaihitaji. Wanaoihitaji kabla ya sindano ni wenye udhaifu wa upande mmoja wa mwili, degedege lililoanza na ugonjwa huu, alama za Glasgow (kipimo cha fahamu) chini ya 10, au kinga iliyoshuka sana. Mwenye mboni zisizolingana, au shinikizo la damu linalopanda huku mapigo yakishuka, usimtoboe kabisa kwa sasa. Ahirisha pia kama yuko kwenye shoku au anapumua kwa shida, kama ngozi ya kiunoni ina jipu, kama chembe sahani (zinazogandisha damu) ziko chini ya 50,000 kwa kila mikrolita, au kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Lakini ahirisha sindano ya mgongo, si dawa. Chukua damu ya kuotesha bakteria, mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, mpe seftriaksoni, ndipo gari liondoke. Dozi ya kwanza iingie ndani ya saa moja tangu umshuku. Kumpakia mgonjwa kwenye gari la wagonjwa bila dawa ili "wasiharibu vipimo kule mbele" ni kosa lisilo na utetezi.

Sasa sindano yenyewe. Kwanza pima sukari ya damu, na uipime kabla hujatundika dripu ya dekstrosi (sukari). Bila namba hiyo, glukosi ya maji ya mgongo haina cha kulinganishwa nayo.

Mlaze kwa ubavu wa kushoto ukingoni mwa kitanda kigumu, magoti yaje tumboni, kidevu kifuani, mto mmoja chini ya kichwa. Nusu ya kazi iko kwenye mlalo. Bega la juu na nyonga ya juu vikae wima juu ya vile vya chini. Mgonjwa akijiviringisha mbele kidogo tu, sindano yako iliyonyooka itapita pembeni. Kwa kichanga, anayemshika asikunje shingo, akunje mgongo na miguu, la sivyo atamzibia pumzi.

Pitisha mstari kutoka ncha ya juu ya mfupa wa nyonga moja hadi nyingine. Unapita kwenye pingili ya nne ya kiuno. Ingia juu yake au chini yake. Kwa mtu mzima uti wenyewe umeishia pingili ya kwanza au ya pili, kwa kichanga unafika ya tatu, kwa hiyo kwake ingia chini ya mstari. Vaa barakoa: bakteria wa mdomoni mwa aliyetoboa wamewahi kuwaletea wagonjwa uti wa mgongo ambao hawakuja nao. Safisha ngozi kutoka katikati kwenda nje, mara mbili, usubiri ikauke kabisa. Klorheksidini (dawa ya kusafishia ngozi) mbichi ikiingia ndani inaumiza mishipa ya fahamu. Dawa ya ganzi, lignokaini asilimia 1, mililita 3 hadi 5, kisha subiri dakika mbili. Wengi hawasubiri, ndiyo maana mgonjwa anaruka.

Tumia sindano ya mgongo ya geji 22, urefu wa sentimita 9. Mdomo wake uliokatwa mshazari utazame dari, upasue nyuzi za utando kwa urefu badala ya kuzikata. Elekeza kitovuni. Ukigonga mfupa, rudi hadi karibu na ngozi ndipo ubadili mwelekeo. Ukijaribu kupinda sindano ikiwa ndani utaipinda sindano tu, njia yake haibadiliki. Mgonjwa akisikia umeme kwenye mguu wa kulia, umeenda kulia: rudi nyuma, elekea kushoto. Kwa mtu wa wastani utasikia kitu kimeachia kwenye sentimita 4 hadi 5. Kuanzia hapo chomoa waya wa ndani kila unaposogea milimita mbili au tatu.

Manomita haipo? Unganisha mpira mpya wa dripu ulio tasa, mwambie mgonjwa alegeze miguu, simamisha mpira wima. Maji yatapanda, yatasimama, na yatacheza kidogo kwa pumzi. Pima kwa rula kutoka usawa wa sindano. Kawaida ni sentimita 6 hadi 20. Kwenye uti wa bakteria mara nyingi huwa 20 hadi 50. Andika namba hiyo kwenye faili, maana kesho hakuna atakayeikumbuka. Maji yaliyomo kwenye mpira usiyamwage, yanafaa kwa vipimo.

Acha yadondoke yenyewe. Usivute kwa bomba. Matone 20 ni takribani mililita moja. Chupa ya kwanza, mililita moja, iende kwa glukosi na protini. Ya pili, mililita 2 hadi 3, tasa na bila dawa yoyote ndani, ni ya Gram (kupaka rangi ili kuona bakteria kwa hadubini) na kuotesha. Ya tatu, mililita moja, kuhesabu seli. Ya nne jaza kadiri uwezavyo kwa ajili ya kifua kikuu na fangasi. Mpangilio huo una sababu: chupa ya kwanza ndiyo yenye uchafu wa ngozi na damu ya jeraha la sindano, kwa hiyo haifai kuotesha wala kuhesabu. Rudisha waya wa ndani kabla ya kuchomoa sindano. Kumlaza saa sita kitandani hakuzuii kichwa kuuma baadaye. Sindano nyembamba na waya uliorudishwa ndivyo vinavyosaidia.

SWALI (Msomaji, Mafinga): Shikamoo daktari. Mdogo wangu amelazwa, wanataka kumtoa maji ya mgongo. Wazee nyumbani wanakataa, wanasema wote waliotolewa walipooza au walikufa. Nitie sahihi?

DAKTARI: Marahaba, pole kwa kuuguza. Tia sahihi. Wazee hawajatunga, waliona kweli watu wakifa baada ya sindano hiyo. Lakini sindano hiyo hufanyiwa wagonjwa walio mahututi tayari, na mara nyingi imechelewa kwa sababu familia ilikuwa bado inajadiliana. Kinachopoozesha na kuziba masikio ni ugonjwa wenyewe.

Mahali panapotobolewa, uti umeshaisha. Kuna nyuzi za mishipa tu zinazoelea kwenye maji, na sindano ikizigusa zinasogea. Mtu mzima ana mililita kama 150 za maji hayo, na mwili hutengeneza karibu mililita 20 kila saa. Yanayochukuliwa, mililita 5 hadi 10, hurudi ndani ya saa moja hivi. Usumbufu wa kawaida ni kichwa kuuma anapoketi au kusimama, siku chache. Madhara makubwa yapo lakini ni nadra, na kabla ya sindano daktari hukagua dalili za hatari. Una haki ya kumuuliza: "Mmemkagua mboni na fahamu? Mmeshampa dozi ya kwanza ya dawa?" Mwambie pia kama mdogo wako anatumia dawa yoyote ya kuyeyusha damu.

SWALI (Mteknolojia wa maabara, Makete): Kituo cha afya kinatuletea maji ya mgongo kwa bodaboda, yanafika baada ya saa mbili, mengine yamewekwa kwenye boksi la barafu pamoja na sampuli za damu. Hatuoteshi kitu. Tatizo liko wapi?

MAABARA: Kwenye barafu. Meningokoko na Haemophilus, bakteria mwingine wa ugonjwa huu, hufa kwa baridi. Chupa ya kuotesha isiwekwe kwenye friji wala kwenye boksi la chanjo. Vitabu vinasema "joto la kawaida la chumba", lakini waliyaandika wakifikiria nyuzi 20 hadi 25. Juni na Julai chumba cha Makete alfajiri hakina nyuzi hizo, na upepo wa pikipiki unazidisha. Dereva aiweke chupa, ikiwa imefungwa vizuri ndani ya kopo la plastiki, kwenye mfuko wa ndani wa koti, igusane na mwili. Chupa za protini na antijeni ndizo zinazoweza kupoa bila hasara.

Saa mbili nazo ni tatizo, hasa kwa seli. Nyutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na bakteria) huvunjikavunjika: kwenye joto la chumba karibu theluthi moja hupotea ndani ya saa ya kwanza, na nusu ndani ya saa mbili. Mgonjwa aliyekuwa na seli 300 unamwandikia 150, na wa seli 10 unamwandikia "kawaida". Ni afadhali kituo kihesabu chenyewe, maana hadubini wanayo ya malaria. Kwenye chemba ya Neubauer (kioo cha kuhesabia seli) hesabu miraba mikubwa yote 9, zidisha kwa 10, gawanya kwa 9. Seli 45 ni seli 50 kwa kila mikrolita. Ukiyachanganya maji na dawa ya Türk nusu kwa nusu ili kuua chembe nyekundu, zidisha tena kwa 2. Hapo ndipo makosa mengi hutokea. Chemba ya Fuchs-Rosenthal ina ujazo wa mikrolita 3.2, basi gawanya jumla kwa 3.2. Usiyaamini macho matupu. Maji huanza kuonekana na ukungu seli zikifika 200 hivi, na chini ya hapo yanang'aa kama ya chemchemi huku mgonjwa anakufa.

Yakija na damu ya jeraha la sindano, ondoa chembe nyeupe moja kwa kila nyekundu 500 hadi 1,000. Nyekundu 10,000 na nyeupe 110: zilizoletwa na damu ni 10 hadi 20, zilizobaki 90 hadi 100 ni za ugonjwa.

Kwa Gram, maji yakizidi mililita moja zungusha kwenye mashine kwa dakika 10 hadi 15 kwa nguvu ya g 1,000, chukua mashapo ya chini. Rangi ya zambarau dakika moja, iodini dakika moja, asetoni-alkoholi ya kuondoa rangi sekunde chache tu na jicho likiwa kwenye slaidi, halafu safranini (rangi nyekundu). Ukizidisha asetoni, nimokoko (bakteria wa tatu wa ugonjwa huu) wa zambarau anageuka mwekundu na unatoa jibu la meningokoko. Umbo likusaidie: nimokoko ni wawili wawili wenye ncha kali, meningokoko ni kama punje mbili za kahawa ya Mbozi zilizotazamana upande bapa, mara nyingi ndani ya nyutrofili. Haemophilus ni vijiti vifupi vyekundu visivyofanana. Gram ikionyesha kitu, karibu daima ni kweli. Isipoonyesha, bado haujaondoa ugonjwa.

Otesha kwenye agari (chakula cha kuoteshea bakteria) ya damu na agari ya chokoleti, yaani yenye damu iliyopashwa moto, ndani ya mtungi wenye mshumaa kama hakuna mashine ya kaboni dioksaidi. Damu ya agari iwe ya kondoo au mbuzi. Ya binadamu iliyochangwa ina kingamwili na mabaki ya dawa. Haemophilus hataki agari ya damu peke yake, ndiyo maana ya chokoleti. Kama safari haikwepeki kuzidi saa moja au mbili, kituo kipewe chupa za T-I za kusafirishia.

Kuhusu vijiti vya kupimia mkojo, ambavyo naona mmeanza kuvitumia kwa maji ya mgongo: mimi sivipendi. Kidoa cha glukosi kwenye aina nyingi hakisomi chini ya milimoli 5 kwa lita, kwa hiyo mtu mzima wa afya ataonekana hana glukosi kabisa.

DAKTARI: Hapo hatukubaliani sana. Saa nane usiku, maabara imefungwa, kidoa cha chembe nyeupe kikisoma ++ na cha protini ++, nimeshapata jibu la kuniwezesha kufanya kazi. Glukosi naipima kwa glukomita ileile ya kidole, maji na damu kwa mfuatano. Ikiandika "LO" kwa maji na 6 kwa damu, sihitaji zaidi. Kikisoma hasi, hapo nakubali: hakiondoi kitu, nangoja hadubini.

SWALI (Daktari, Njombe): Kamwene. Wagonjwa wangu wengi wana VVU. Maji yanatoka safi, seli chache, sijui nisomeje. Tupeni namba.

DAKTARI: Kamwene. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye maambukizi ya juu zaidi ya VVU nchini, kwa hiyo huku maji ya mgongo yasiulizwe swali la bakteria peke yake. Kila mwenye VVU, na kila ambaye hali yake haijulikani, maji yapimwe pia antijeni ya kriptokokasi (fangasi) na kifua kikuu siku hiyohiyo.

Namba za kawaida kwa mtu mzima: seli 0 hadi 5 kwa kila mikrolita, protini gramu 0.15 hadi 0.45 kwa lita, glukosi kama theluthi mbili ya ile ya damu. Uti wa bakteria ulio wazi: seli 1,000 hadi 5,000, nyutrofili zaidi ya asilimia 80, protini zaidi ya gramu 1, glukosi chini ya milimoli 2.2 au chini ya asilimia 40 ya ile ya damu. Asilimia ni muhimu kuliko namba tupu. Mwenye kisukari mwenye 18 kwenye damu na 5 kwenye maji ataonekana mzima, kumbe uwiano ni 0.28. Chembe nyeupe zikizidi 2,000, au protini ikizidi gramu 2.2, au glukosi ikishuka chini ya 1.9, hata moja tu kati ya hizo, ukilinganisha na virusi, bakteria ni karibu hakika.

Kriptokokasi anapenda kujificha kwenye maji masafi yenye seli sifuri hadi tano. Kinachomfichua ni shinikizo, mara nyingi sentimita 25 kwenda juu, na kipimo cha antijeni. Wino wa India (wa kuutazama fangasi huyo kwa hadubini) unawakosa wenye vimelea vichache. Ukiwa na antijeni, wino ni wa ziada. Huyu, tofauti na wa bakteria, maji hupunguzwa makusudi hadi shinikizo lishuke chini ya 20 au nusu yake, na hurudiwa kila siku likipanda.

Kifua kikuu huja polepole, wiki na zaidi, na limfosaiti (aina nyingine ya chembe nyeupe) nyingi, protini juu, glukosi chini. Lakini siku za mwanzo nyutrofili zinaweza kutawala na kukudanganya. Kwa GeneXpert (mashine ya kupima kifua kikuu) peleka mililita 6 au zaidi zilizozungushwa kwenye mashine. Mililita moja inaleta "hasi" isiyo na maana. Na hata hasi nzuri haitoshi kumnyima dawa mgonjwa ambaye kila kitu kingine kinaelekea huko.

Deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe) kwa wagonjwa wetu ina mjadala: jaribio la Blantyre la mwaka 2007, ambalo wagonjwa wengi walikuwa na VVU, halikuonyesha kupunguza vifo vya watu wazima. Fuateni mwongozo wa hospitali yenu. Mkiitoa, itangulie dozi ya kwanza ya seftriaksoni au iende nayo.

SWALI (Muuguzi, Chunya): Karibu wote wanafika wameshakunywa amoksilini au kuchomwa sindano kwenye duka la dawa. Maji bado yana faida?

MAABARA: Yanayo. Baada ya seftriaksoni ya mshipa, meningokoko anaweza kutoweka kwenye maji ndani ya saa mbili, nimokoko kuanzia saa nne hivi. Kuotesha ndiko kunakoathirika. Namba za seli, protini na glukosi hubaki si za kawaida siku mbili hadi tatu, na kipimo cha antijeni ya nimokoko husoma hata bakteria waliokufa. Andikeni kwenye fomu dawa gani, lini, kwa njia gani. Fomu iliyoandikwa "dawa: ndiyo" haitusaidii.

DAKTARI: Na kama baada ya saa 48 za dawa sahihi mgonjwa hajapata nafuu, mtoeni maji tena.

SWALI (Matroni wa bweni, Iringa): Mwanafunzi wetu wa kidato cha pili amelazwa kwa uti wa mgongo. Wazazi wanataka shule ifungwe na wanafunzi wote wapewe dawa.

DAKTARI: Mama, uliza kwanza hospitali: ni mdudu gani? Akiwa nimokoko, hakuna haja ya kumpa mwingine dawa. Akiwa Haemophilus, aliye kwenye chanjo ya watoto wetu tangu 2009, kinga ni kwa wachache wenye watoto wadogo nyumbani. Akiwa meningokoko, wanaopewa ni waliolala chumba kimoja na mgonjwa, waliochangia naye kikombe au mswaki, na wa nyumbani kwao, katika siku 7 kabla hajaugua. Si shule nzima. Waliokaa naye darasani tu hawamo.

Dawa itolewe ndani ya saa 24, usingoje wiki. Kwa watu wazima na vijana wakubwa siprofloksasini miligramu 500 mara moja tu. Kwa walio chini ya miaka 15 seftriaksoni miligramu 125 kwenye msuli, na kuanzia 15, au mjamzito, miligramu 250. Rifampisini nayo inafanya kazi, lakini inagombana na ARV na vidonge vya uzazi wa mpango, na tunaihitaji kwa kifua kikuu. Mgonjwa mwenyewe hukaa chumba cha peke yake hadi saa 24 za dawa zipite.

Taarifa iende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya siku hiyohiyo. Uti wa mgongo uko kwenye orodha ya magonjwa yanayoripotiwa mara moja, na uamuzi wa kufunga shule ni wa ofisi hiyo. Bwenini tenganisheni vitanda, fungueni madirisha hata kama kuna baridi, na kwa siku 10 mpite kila asubuhi na jioni mkiuliza homa na kichwa. Atakayesema ndiyo aende hospitali siku hiyo, hata kama ameshameza dawa ya kinga.